Kukaanga simsim kabla ya kushindika: kinachobadilika ndani ya mafuta

Chupa mbili za mafuta ya simsim zikiwekwa kando kwa kando, mtu asiyejua huenda akadhani moja imechakachuliwa. Ya kwanza ina mafuta ya manjano hafifu, yasiyo na harufu kubwa. Ya pili ina mafuta ya hudhurungi, na kifuniko kikifunguliwa tu, harufu yake ni ya kashata zilizotoka jikoni sasa hivi. Huenda mbegu zilitoka shamba moja, zikavunwa wiki moja na kushindikwa kwa mashine moja. Tofauti ni kwamba mbegu za chupa ya pili zilipitia kaangoni kwanza.

Tofauti hiyo ina maana kwa mnunuzi anayetaka kujua ni yapi ya kukaangia mahamri na ni yapi ya kutia kwenye kachumbari. Ina maana kubwa zaidi kwa kikundi kinachotaka kushindika na kuuza. Kikundi kinachokaanga kwa kiasi hupata mafuta yenye harufu nzuri na yanayokaa muda mrefu. Kinachounguza hupata mafuta machungu ambayo mteja hanunui mara ya pili. Na kinachokaanga mbegu zenye kuvu kwa matumaini kwamba moto utazisafisha kinauza hatari iliyofichwa ndani ya harufu nzuri.

Simsim, au ufuta kama wengine wanavyoiita, si zao geni katika Kaunti ya Lamu. Hulimwa upande wa bara, Mpeketoni, Hindi na Witu, na wazee wa visiwani wanayajua mafuta yake kwa jina la mafuta ya uta. Katika karne ya 19 simsim ya pwani hii ilisafirishwa kupitia Zanzibar hadi bandari ya Marseille, Ufaransa, ikashindikwe huko. Hata leo, mkulima anayeuza gunia la mbegu humwachia mwingine faida ya mafuta, ya mashudu na ya chupa yenye jina juu yake.

Mafuta ni yale yale

Karibu nusu ya uzito wa mbegu ya simsim ni mafuta. Karibu moja kwa tano ni protini, na kilichobaki ni wanga, nyuzinyuzi, madini na maji kidogo. Mafuta yenyewe yameundwa zaidi na asidi mbili za mafuta zinazokaribiana kwa wingi: oleiki, ambayo ndiyo nyingi katika mafuta ya zeituni, na linoleiki, ambayo ndiyo nyingi katika mafuta ya alizeti ya kawaida. Hizi mbili pamoja ni zaidi ya gramu 80 katika kila gramu 100. Zile za aina ya mafuta magumu, yanayogandisha kama samli, ni gramu 15 hivi.

Wapo wanaoamini kwamba kukaanga mbegu hugeuza mafuta yenyewe kuwa mabaya kwa moyo. Vipimo vya maabara havionyeshi hivyo. Simsim ikikaangwa hadi karibu nyuzijoto 200 za Selsiasi, uwiano wa asidi hizo haubadiliki kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Mafuta bado yamefungiwa ndani ya mbegu, mbali na hewa, na moto wenyewe ni wa dakika chache. Hali hiyo haifanani na ya mafuta yaliyomo kwenye karai la viazi barabarani, ambayo huchemka kutwa nzima yakiwa wazi, yakapoa usiku, kisha yakawashiwa moto tena asubuhi.

Kinachobadilika ni vile vitu vidogo vilivyoyeyuka ndani ya mafuta, ambavyo kwa jumla havizidi gramu 2 hivi katika gramu 100. Ni kidogo mno kwa uzito, lakini ndivyo vinavyoamua rangi, harufu, ladha na muda ambao mafuta yatakaa bila kuchacha.

Kinga inayozaliwa na moto

Mafuta huchacha kwa sababu ya oksijeni iliyomo hewani. Asidi ya linoleiki ina sehemu dhaifu ambazo oksijeni huzishika kwa urahisi. Chembe moja ikishikwa hushambulia jirani yake, na jirani naye humshambulia wa pili, kama moto unavyoruka kutoka paa moja la makuti hadi jingine. Mwishowe mafuta hutoa harufu kali na ladha inayokwaruza koo.

Simsim ina kinga yake ya asili. Ndani ya mafuta yake mna viambato viwili vinavyoitwa sesamini na sesamolini, ambavyo ni vingi katika simsim kuliko karibu mbegu nyingine yoyote ya chakula. Katika mafuta ya mbegu mbichi, sesamolini imetulia tu. Ikipata joto la kukaangwa huanza kuvunjika na kutoa kiambato kingine, sesamoli, na hiki ndicho kikali. Sesamoli hujitoa mhanga: huishika ile chembe iliyoshambuliwa kabla haijamfikia jirani, na moto hukatika hapo. Katika mafuta mabichi sesamoli ni chache sana. Katika mafuta ya mbegu zilizokaangwa huongezeka.

Ndiyo sababu ya jambo linalowashangaza wengi, kwamba mafuta ya simsim yaliyopitia moto hukaa muda mrefu kuliko yasiyoupitia. Kwa mbegu nyingi nyingine mtu hutegemea kinyume chake.

Rangi na harufu hutokana na jambo tofauti. Sukari kidogo iliyomo kwenye mbegu hukutana na protini katika joto kali na kuzaa rangi ya hudhurungi pamoja na mamia ya viambato vya harufu. Ni kazi ile ile inayotokea kwenye ganda la mkate wa kumimina au kwenye buni inayokaangwa. Baadhi ya viambato hivyo huyeyuka ndani ya mafuta na kusaidia kuyakinga. Wakati huo huo klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, hupungua. Hilo nalo ni jema, kwa sababu klorofili ikipigwa na mwanga huharakisha kuchacha.

Hasara ipo. Vitamini E iliyomo kwenye simsim hupungua kadiri moto unavyozidi. Katika kukaanga kwa kiasi, kinga mpya inayopatikana hufidia upungufu huo. Katika kuunguza, haifidii.

Kuna faida nyingine ambayo mshindikaji huiona kwenye ndoo. Joto hupasua kuta za seli, hugandisha protini na kuyafanya mafuta kuwa mepesi, hivyo hutoka kwa urahisi. Hata wanaotumia mashine ndogo za mkono kwa alizeti huanika mbegu juani zipate joto kabla ya kuzikamua. Lakini mbegu iliyokaushwa kupita kiasi huwa vumbi; haishikamani ndani ya mashine, na mafuta hutoka machafu, yamejaa chembe.

Moto kiasi gani

Viwanda vinavyoshindika simsim ya kukaangwa huwa na vipima joto. Jikoni au kwenye kibanda cha kikundi kinachotumia kuni, macho, pua na masikio ndiyo vipimo.

Kati ya nyuzijoto 120 na 160 mbegu hukauka na kuanza kuwa ya dhahabu. Harufu ni ndogo, na mafuta yatakayotoka yatakuwa ya manjano yaliyokolea. Kati ya 180 na 200 mbegu hupasukapasuka kwa sauti ndogo, harufu hujaa nyumba, na mbegu ikisagwa kwa vidole huvunjika kwa urahisi ikionyesha rangi ya hudhurungi hadi ndani. Hapo ndipo mafuta mengi ya simsim yenye harufu yanayouzwa duniani yanapotokea. Ukivuka 220 na kukawia hapo, mambo hugeuka: sesamoli nayo huanza kupotea, vitamini E huporomoka, uchungu huingia, na moshi unaotoka kaangoni hurudi juu ya mbegu.

Moshi huo si wa kupuuzwa. Kitu chochote cha chakula kinapoungua huweza kutoa kemikali za jamii ya benzopirini, ambazo zinahusishwa na saratani na huyeyuka vizuri katika mafuta. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 2 za benzopirini kwa kila kilo ya mafuta ya kula, na Korea Kusini, nchi inayotumia mafuta mengi ya simsim ya kukaangwa, ina kikomo hicho hicho. Kwa hiyo anayefikiria kuuza nje siku moja ana sababu ya pili ya kutounguza.

Mambo machache ya kazi husaidia kuliko kununua kifaa chochote. Mbegu zipepetwe kwenye uteo na kuoshwa kuondoa mchanga, kisha zikaushwe juani kabisa, kwa sababu mbegu yenye maji huchemka kabla ya kukaangika na huiva bila usawa. Zitiwe kaangoni kidogo kidogo, zikikorogwa kwa mwiko bila kusimama. Zikiwa karibu kuiva, zimwagwe mara moja kwenye sinia pana na kutawanywa. Kosa la kawaida hutokea hapa: mtu huepua kaango akaliweka chini likiwa limejaa. Mbegu za chini huendelea kuiva kwa joto la chuma, na sehemu hiyo iliyoungua hutia uchungu katika mafuta yote.

Asiye na mashine bado anaweza kupata mafuta. Mbegu zilizokaangwa husagwa hadi ziwe rojo laini, hutiwa maji ya moto kidogo kidogo huku zikikorogwa, na mafuta huelea juu yakaenguliwa. Nchini China njia ya aina hii bado hutumika kutengeneza mafuta ya simsim ya thamani. Tahadhari yake ni moja: tone la maji likibaki ndani ya mafuta huharakisha kuharibika, hivyo yaachwe yatuame, yaenguliwe tena, kisha yapashwe moto mdogo hadi yaache kutoa mapovu.

Kukaanga hakuondoi sumu ya kuvu

Simsim huvunwa kwa kukata miti yake na kuisimamisha katika mafungu hadi vitumba vipasuke. Mvua ikiyakuta mafungu hayo, au mbegu zikianikwa kwenye udongo mtupu, kuvu hupata nafasi. Baadhi ya kuvu hutoa aflatoksini, sumu ambayo Wakenya waliijua kwa uchungu mwaka 2004, mahindi yenye kuvu yalipougua watu 317 katika maeneo ya mashariki mwa nchi na kuua 125 kati yao. Mahindi na njugu karanga ndivyo vinavyoshambuliwa zaidi, lakini simsim haiko salama ikihifadhiwa vibaya.

Aflatoksini huvumilia joto. Ili ivunjike kabisa inahitaji joto linalozidi lile la kukaanga kwa kawaida. Kukaanga huipunguza kwa sehemu, hakuiondoi. Wakati wa kushindika, sehemu kubwa ya sumu hubaki katika mashudu, lakini mafuta ya mashine ndogo, ambayo hayakusafishwa wala kuchujwa vizuri, hubeba chembe za mashudu pamoja na sumu iliyomo. Mashudu nayo hayatupwi. Hulishwa ng'ombe, na sumu hutokea tena kwenye maziwa.

Kuna ubaya mwingine unaostahili kutajwa waziwazi. Kuvu hubadilisha rangi ya mbegu na kuipa harufu ya uvundo, na hizo ndizo ishara anazozitegemea mnunuzi. Kukaanga hadi nyeusi hufuta ishara zote mbili. Mbegu mbovu na mbegu nzuri zikiungua hufanana. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike kabla ya moto: mbegu zilizobadilika rangi, zilizonyauka au zenye harufu ya unyevu zitolewe, na zisipelekwe kwa mifugo pia. Mavuno yaanikwe juu ya turubai, na magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Karanga, alizeti na pamba

Yaliyosemwa juu ya simsim hayahamii mbegu nyingine moja kwa moja. Njugu karanga zikikaangwa hutoa harufu nzuri kwa sababu ile ile ya sukari na protini, lakini hazina sesamolini, hivyo hazipati ile kinga ya ziada. Siagi ya karanga na mafuta yake ya nyumbani hayana budi kutumiwa mapema. Alizeti ya kawaida ina linoleiki nyingi zaidi, na kinga yake kuu ni vitamini E. Kuipasha joto la wastani huongeza mafuta yanayotoka. Kuikaanga hadi hudhurungi hula kinga hiyo, na mafuta huchacha upesi.

Pamba ni habari nyingine kabisa, na katika kaunti inayolima pamba ni vyema ieleweke. Mbegu ya pamba ina gosipoli, kiambato kinachodhuru binadamu na wanyama wasiocheua kama kuku na nguruwe. Joto hufunga sehemu ya gosipoli kwenye protini ya mashudu, lakini mafuta yanayotoka huwa bado na rangi nzito na gosipoli ndani yake. Huondolewa kwa kusafishwa kiwandani kwa magadi makali. Mafuta ya mbegu za pamba yaliyoshindikwa nyumbani hayafai kuliwa, hata mbegu zikikaangwa vipi.

Jikoni na kabatini

Mafuta ya simsim ya kukaangwa yasiyosafishwa huanza kutoa moshi karibu nyuzijoto 175 hadi 180, na hilo ndilo joto linalohitajika kukaangia mahamri au viazi karai. Yakitumiwa hivyo, harufu iliyogharimiwa huishia hewani na chakula huwa kichungu. Hutumiwa vizuri zaidi kwa kijiko: juu ya mchicha ulioepuliwa, kwenye kachumbari, kwenye samaki wa kuchoma, au kwenye wali mwishoni. Ya manjano, ya mbegu mbichi, huchanganyika na vyakula vingi bila kuvitawala. Nchini Japani aina zote mbili huuzwa dukani kila moja kwa kazi yake, na hakuna anayedhani moja ni ghushi.

Aidha, rangi ya hudhurungi haithibitishi ubora. Inaweza kuwa ya mbegu zilizoiva vizuri, za mbegu zilizoungua, au ya rangi iliyotiwa katika mafuta ya bei nafuu. Kuonja tone moja husema zaidi: ladha iwe ya mbegu, tamu kidogo, bila uchungu unaobaki nyuma ya ulimi.

Joto la pwani ni adui wa mafuta yote. Kwa makadirio yanayotumiwa na wataalamu, kila joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya kuchacha hukaribia kuongezeka mara mbili. Chupa ya plastiki iliyo wazi, ikiwekwa kwenye meza ya nje mchana kutwa ili wateja waione, huharibu kazi yote iliyofanywa kaangoni. Mafuta yatuamishwe siku kadhaa, yachujwe kwa kitambaa safi, yatiwe katika chupa kavu za rangi nyeusi zilizojazwa hadi shingoni, na yawekwe mahali penye giza na baridi. Vyombo vya shaba na vyuma vyenye kutu visitumike, kwa kuwa chembe zake huchochea oksijeni.

Kwa wanaotaka kuuza

Chini ya Katiba ya 2010, kutoa leseni kwa biashara zinazouzia umma chakula ni kazi ya serikali za kaunti. Mtu au kikundi kinachotaka kushindika mafuta kianze kwa ofisi ya afya ya umma iliyo karibu, ambako jengo hukaguliwa na wahudumu hupimwa afya, pamoja na kibali cha biashara cha kaunti. Mafuta yanayopakiwa na kuuzwa madukani huhitaji alama ya ubora ya KEBS, na sheria iliyorekebishwa mwaka 2012 inataka mafuta ya kupikia yaliyopakiwa yaongezwe vitamini A. Ni heri kuuliza kuhusu hilo kabla ya kuchapisha lebo kuliko baada yake.

Lebo iseme kama mbegu zilikaangwa au la, itaje tarehe ya kushindikwa, na itaje simsim kwa jina, kwa kuwa wapo watu ambao miili yao haiivumilii hata kidogo na kukaangwa hakuondoi tatizo hilo. Maswali kuhusu kuanika, kuhifadhi na kupima unyevu wa mbegu yapelekwe kwa afisa wa ugani wa wadi, akiwa na kopo la mbegu zenyewe mkononi, kabla hazijatiwa kaangoni.